Sola ya plastiki ya kukunja kama mkeka, itafaa kwenye boti ya dagaa?

Swali limetoka kwa dada mmoja wa hapa Tanga, nimelifupisha kidogo tu: "Mtaalamu habari za saizi. Mi nina steshenari Ngamiani, nafanya fotokopi, laminesheni na nauza kava za simu. Mume wangu ana boti ya dagaa, anashusha pale Deep Sea. Kuna kijana kaja na sola ya kukunja kama mkeka, anasema ni plastiki ya kisasa inaitwa polima, haina kioo, haipasuki, unaibandika juu ya turubai la boti inachaji betri za taa. Ivi plastiki kweli inaweza kutoa umeme kwa mwanga? Na itahimili jua na chumvi ya huku kwetu au tutaliwa hela?"

Nzuri dada yangu. Jibu la haraka nakupa kabisa kabla hujachoka kusoma: ndio, ipo plastiki inayotoa umeme ikipigwa na mwanga, hapo huyo kijana hajadanganya. Lakini kwa boti ya shemeji msinunue. Na nina wasiwasi mkubwa kwamba alichokibeba wala sio hiyo polima anayoitaja, huko chini ntakwambia jinsi ya kukitambua kwa macho tu. Kama una mteja mhudumie kwanza, maelezo yenyewe marefu.

Kilichonichekesha ni kwamba unaniuliza kama kitu hiki kinawezekana wakati unacho dukani na leo asubuhi umekiwasha. Dramu ya mashine yako ya fotokopi.

Ile silinda inayong'aa, rangi yake kijani inayoenda kwenye bluu, fundi akija kubadilisha anaitoa kwenye mfuko mweusi na anafanya haraka haraka, mlango ukiwa wazi anaifunika na gazeti, anakwambia dada hii isipigwe jua. Bomba la aluminiamu linaogopa jua la nini? Kinachoogopa sio bomba, ni ule utando uliopakwa juu yake. Kwenye giza ule utando haupitishi umeme kabisa, mashine inaujaza chaji hasi za volti mamia kadhaa na chaji zinatulia pale juu juu, hazina pa kwenda. Alafu leza inapita inachora ukurasa. Pale inapogusa, rangi iliyopo kwenye utando inazaa chaji, zile chanya zinapanda mpaka juu zinakutana na hasi zinafutana, kwahiyo sehemu iliyopigwa mwanga inabaki haina chaji na sehemu ya giza bado inayo. Tona nayo ina chaji hasi, inasukumwa na sehemu zenye chaji na inaenda kukaa pale palipofutwa. Ndo herufi hizo. Zinahamia kwenye karatasi, zinapita kwenye joto zinayeyuka zinashika, mteja anakulipa mia yake anaondoka na kopi ya kitambulisho.

Kwahiyo unapotoa kopi unatumia semikondakta ya ogani, yaani iliyojengwa kwa kaboni kama plastiki, inayoitikia mwanga. Kwenye giza inagoma, kwenye mwanga inapitisha. IBM walitoa mashine ya fotokopi mwaka 1970 ambayo kihisi chake kilikuwa plastiki, polima inaitwa polivinili-kabazoli, wakati wenzao Xerox walikuwa wanatumia seleniamu. Dramu za siku hizi zimeboreshwa zaidi: kuna tabaka jembamba chini ya mikromita moja (sehemu ya elfu ya milimita) lenye rangi inaitwa fthalosianini (familia hiyo hiyo ndo inatoa bluu ya tona yako ya rangi), juu yake kuna tabaka la mikromita ishirini hivi la polikaboneti, plastiki ya kwenye zile CD za zamani, iliyochanganywa na molekuli za kubeba chaji. Sasa niwe mkweli, ile polikaboneti yenyewe haibebi umeme, imekaa pale kama unga unaoshika mafuta ya chapati, wabebaji ni zile molekuli ndani yake. Polima anazozitaja kijana wako ni za aina nyingine, zenyewe ndo zinabeba, na huko ndo utamu uliko.

Mfuko wa nailoni, kandambili, ndoo, vyote hivyo ni minyororo mirefu ya kaboni. Kaboni ina mikono minne. Kwenye plastiki ya kawaida mikono yote minne imeshika kitu kwa nguvu, hakuna elektroni iliyo huru hata moja, ndo maana waya za umeme tunazivalisha plastiki. Sasa ukitengeneza mnyororo ambao kila kaboni inatumia mikono mitatu tu, ule wa nne unabaki unamgusa jirani wa kulia na wa kushoto kwa pamoja, hapo mambo yanabadilika. Nenda Deep Sea alfajiri boti zikiingia uangalie vijana wamejipanga kutoka majini mpaka mchangani wanapokezana ndoo za dagaa. Hakuna anayetembea, kila mtu kasimama pake, lakini ndoo inafika. Elektroni kwenye mnyororo wa namna hii inapita hivyo hivyo.

Na mnyororo wa namna hii una alama moja unaiona kwa macho, una rangi. Polithini safi haina rangi. Karoti, mawese, bizari ya manjano, vyote vina rangi kwa sababu ndani yake kuna kipande cha mnyororo wenye ile mikono ya kupokezana. Elektroni zilizo huru kiasi ndo zinaweza kula mwanga, na mwanga ukiliwa sehemu tunaona rangi iliyobaki. Kwahiyo shika hii: plastiki isiyo na rangi kabisa haiwezi kuwa sola ya jua tunaloliona, hata muuzaji aape.

Historia yake ina kichekesho. Japani, kwenye maabara ya Hideki Shirakawa, mtu mmoja alikosea vipimo akaweka kichocheo mara elfu moja ya kinachotakiwa, badala ya kupata unga mweusi wakapata utando unang'aa kama fedha. Baadae Shirakawa akaungana na Alan MacDiarmid na Alan Heeger kule Marekani, wakaupitisha ule utando kwenye mvuke wa iodini, hiyo ni 1977, na uwezo wake wa kupitisha umeme ukaruka mara mamilioni. Plastiki inapitisha umeme kama metali! Mwaka 2000 wakapewa Nobel ya kemia. Wengine wakaona kumbe unaweza kuifanya itoe mwanga ukiipa umeme, Cambridge walifanya hivyo na polima mwaka 1990, na ukiigeuza kazi, ukiipa mwanga ikutolee umeme, ndo sola.

Ila kutoa umeme kwenye plastiki sio rahisi kama kwenye silikoni. (Silikoni ya sola nayo tusichanganye na ile ya kuzibia sinki, majina yamefanana bure tu.) Mwanga ukiingia kwenye silikoni, elektroni inaruka na inaondoka zake, joto la kawaida tu la chumbani linatosha kuitenganisha na shimo ililoacha. Kwenye polima elektroni inaruka lakini haitoki, inabaki imeng'ang'aniana na shimo lake kama mtoto na kanga ya mama. Wawili hao tunawaita eksitoni. Nguvu inayowashika ni zaidi ya mara kumi ya lile joto la chumbani, kwahiyo wenyewe hawaachani. Wanatangatanga umbali wa nanomita kumi hivi, na nanomita kumi ni kama sehemu moja ya elfu kadhaa ya unene wa unywele wako, alafu wanarudiana na mwanga wako umepotea bure kuwa joto. Sisi watu wa Tanga tuna msemo wetu, waja leo waondoka leo. Eksitoni ni waja leo waondoka leo kabisa, tena hata leo hiyo haifiki, ni sekunde iliyokatwa vipande bilioni.

Walichofanya wataalamu ni kuchanganya vitu viwili, polima inayopenda kutoa elektroni na molekuli nyingine inayopenda kupokea, vikakaa kama mikoko na vijito vya maji ya chumvi. Ukiingia kwenye mikoko huku kwetu, popote utakaposimama maji yako hatua chache. Ndo inavyotakiwa, eksitoni izaliwe popote lakini mpaka uwe karibu, ifike pale iachanishwe, elektroni ipite huku na shimo lipite kule. Na kuna la zaidi ambalo lilisumbua watu miaka: vijito lazima vifike baharini. Ukiwa na vidimbwi vilivyojifunga havina mlango, chaji inaachanishwa vizuri tu alafu inakwama humo humo. Kupata mchanganyiko wenye vijito vidogo lakini vinavyofika baharini, hiyo ndo kazi niliyoifanya mimi miaka maabara, unabadilisha kiyeyusho, unabadilisha joto la kukaushia, unapaka utando wa nanomita mia, unapima, unatupa, unaanza upya. Mke wangu alikuwa ananiuliza leo umefanya nini, namwambia nimekausha rangi.

Kwa namba, mwaka 1986 Ching Tang wa Kodak alipata sola ya ogani ya tabaka mbili yenye ufanisi wa asilimia moja hivi, yaani kwenye kila wati mia za jua unapata wati moja. Mchanganyiko maarufu wa polima ya P3HT ukafika asilimia nne tano, tukakaa hapo muda tukidhani ndo mwisho wa reli. Alafu 2019 watafiti wa China wakatoa molekuli inaitwa Y6, wakaichanganya na polima inaitwa PM6, ikapiga asilimia 15.7, na baada ya hapo maabara zimeshavuka 19. Paneli ya silikoni dukani ni 20 mpaka 22. Ukisoma hivyo unasema mbona wamefikiana? Tatizo ile 19 ni kipande kidogo kama ukucha, kimetengenezwa ndani ya sanduku lenye naitrojeni tupu na kimepimwa siku ile ile. Karatasi ndefu inayotoka kiwandani kwa roli inakuwa chini sana ya hapo.

Sasa nije kwenye jua na chumvi, maana hapo ndo hela yenu inapolala.

Unajua kanzu ikimwagikiwa mchuzi wa bizari? Unafua, ile sabuni kwanza inaligeuza doa kuwa jekundu unashtuka, unasuuza linarudi manjano, halitoki. Mama yangu alikuwa hapigani nalo, anaianika kanzu juani doa likiwa juu, jioni limefifia, siku ya pili au ya tatu halipo. Wakina mama wote wa pwani wanajua hili. Kilichofanyika ni kwamba ile rangi ya manjano ina mnyororo wa mikono ya kupokezana, inakula mwanga, ikishakula inachangamka, na ikiwa imechangamka oksijeni ya hewani inaivamia na kuukata mnyororo. Mnyororo ukikatika hakuna tena kupokezana, hakuna rangi. Jua ndo lilikuwa linaifanya ionekane, jua hilo hilo limeiua.

Polima ya sola ni doa la bizari lililosoma chuo kikuu. Kile kile kinachoifanya iweze kula mwanga ndicho kinachoifanya ifubae. Mimi mwaka wangu wa kwanza niliacha kichupa cha P3HT dirishani siku ya Ijumaa. Ikiwa kwenye kimiminika ina rangi ya chungwa, ukiipaka ikakauka inageuka zambarau iliyokolea, nzuri mno kuangalia, basi Jumatatu nimerudi nakuta maji ya manjano hafifu kama chai ya mgonjwa. Kichupa kile kilikuwa na bei, msimamizi wangu hakusema kitu, alikishika akakiinua kwenye mwanga akakirudisha mezani, nikatamani angenitukana.

Dawa yake ni kuzuia oksijeni na mvuke wa maji visiingie. Na hapa dada wewe ni fundi kuliko mimi kwa sababu unafanya laminesheni. Mteja akileta cheti, wewe unaacha ukingo wa plastiki pembeni, huwezi kukata karibu na karatasi, kwanini? Kwa sababu ukikata pale pale karatasi inapoishia, plastiki ya juu na ya chini hazijashikana, maji yanaingilia pembeni yanatambaa na cheti kinavimba, na mteja akirudi ni ugomvi. Sola ya polima na skrini za OLED (zile za simu ambazo tabaka la ogani ndo linatoa mwanga) zina ugonjwa huo huo, adui mara nyingi haingii kwa juu, anaingilia ukingoni na kwenye matundu ya waya. Tofauti ni kiwango. Plastiki ya kawaida ya laminesheni inapitisha gramu kadhaa za mvuke kwa siku kwenye mita moja ya mraba, we huoni lakini unapita. Skrini za OLED zinatakiwa zipitishe kama gramu moja gawanya kwa milioni. Piga hesabu, mpaka gramu moja ipite unahitaji siku milioni moja, miaka zaidi ya 2,700. Sola haihitaji ukali wote huo lakini inahitaji ukali wa kutosha, na kizuizi cha namna hiyo kinachokunjika ndo kinapandisha bei.

Kama unataka kuona kinachotokea kizuizi kikivunjika, nenda kwa jirani yako yeyote fundi simu umuulizie kioo cha simu kubwa kilichopasuka pembeni, kina doa jeusi linalokua kila siku. Wenyewe wanasema wino umevuja. Kwenye skrini za OLED hamna wino humo ndani dada, hamna hata tone, ni unyevu na hewa vimeingilia kwenye ufa na vinaua tabaka la ogani taratibu kuanzia pembeni. Zile ni molekuli ndogo sio polima, ila ukoo mmoja, na ugonjwa mmoja.

Sasa chukua kitu hicho ukibandike juu ya turubai la boti. Jua la Tanga la saa sita, paneli inapata nyuzi sitini na zaidi. Unyevu wa pwani mwaka mzima. Maji ya chumvi yanarukia ukingoni, yanakauka yanaacha chumvi, chumvi inavuta unyevu wa usiku, waya za fedha na aluminiamu zinaanza kuliwa. Turubai linapepesuka na upepo wa kusi, kizuizi kinakunjwa pale pale kila siku, na ile elektrodi angavu (tabaka la kukusanya umeme) ya indiamu na bati inayotumika sana ni kama kigae, ukiivuta asilimia mbili tatu inapasuka nyufa usizoziona. Vijana wa boti nao watakanyaga, watatupia nyavu. Mimi nikiambiwa nibuni mahali pa kuiua sola ya polima haraka ningechora boti ya dagaa.

Alafu kuna hesabu ya wati. Tuseme shemeji ana taa nne za wati kumi, zinawaka kwa muda wa masaa nane usiku kwenye kipindi cha giza, hiyo ni wati-saa 320. Paneli ya silikoni ya wati mia ikipata jua la nguvu kwa masaa manne na nusu hivi inakupa 450, toa upotevu wa waya, chaja na betri, inatosha na kidogo kinabaki, na inachukua nusu mita ya mraba tu. Karatasi ya polima tuiwekee asilimia tano, kupata wati mia hizo hizo unahitaji mita mbili za mraba. Mita mbili kwenye boti ya dagaa utazitoa wapi, mkae wapi?

Usije ukanielewa kwamba nasema hii elimu haina kazi, mimi imenilisha. Mahali pake ni pengine. Ndani ya nyumba kwanza, kwenye mwanga hafifu wa taa polima inafanya vizuri kwa sababu unaweza kuibuni iweze kula rangi ile ile ya mwanga wa taa, na hakuna jua la kuiunguza, kuna kampuni Sweden inaitwa Epishine imetengeneza visola vya ndani vya namna hiyo kwa ajili ya vihisi vidogo, kile cha kupima joto la chumba kisihitaji betri. Pili kwenye mwili. Kile kidude cha kubana kidole kilichokuwa kinatafutwa sana kipindi cha corona, cha kupima oksijeni ya damu, kinafanya kazi kwa kutuma mwanga mwekundu na mwingine usioonekana kisha kuhesabu kiasi kilichofika upande wa pili. Mwaka 2014 pale Berkeley, Marekani, walikitengeneza chote kwa ogani, taa ya kijani na nyekundu na kihisi cha polima, na 2016 Tokyo wakakifanya chembamba mikromita tatu tu, kinalala kwenye ngozi kama utando wa kitunguu na unakunja kidole nacho kinakunjika. Hapo silikoni inapata tabu, na kifaa kikidumu siku kadhaa alafu kikatupwa hakuna mtu atakayelalamika.

Italia wameenda mbali, waliipaka P3HT, ile ile niliyoiua dirishani, wakaipandikiza kwenye macho ya panya waliokuwa wamepofuka, mwanga ukiipiga inazisisimua seli za neva za jicho, na mwaka 2017 wakaonyesha panya wanaitikia mwanga tena. Na jicho lenyewe la Mungu linafanya kazi hivyo hivyo kwa sehemu, kuna molekuli ya mnyororo wa kupokezana, jamaa ya rangi ya karoti, ikipigwa na mwanga inajinyoosha na huko kujinyoosha ndo kuona. Wapo wanaoiga hilo la kujinyoosha pia: wanachanganya na polima molekuli zinazobadilika umbo kwa mwanga wa urujuanimno na kurudi kwa mwanga wa kijani, kwahiyo transista (swichi ndogo ya umeme) inakumbuka ilipigwa mwanga kiasi gani. Strasbourg, Ufaransa, walifanya kumbukumbu ya namna hiyo juu ya plastiki inayokunjika mwaka 2016, hatua 256 tofauti kwenye kitu kimoja, sio ile ya kuwaka na kuzima tu. Hiyo mimi ndo inaninyima usingizi kuliko sola.

Turudi kwa kijana wako. Mwambie akitandaze juani ukiangalie kwa karibu. Ukiona vipande vya mraba vyeusi au bluu iliyokolea, kila kimoja kama kiganja kilichofunguliwa, vimepitiwa na mistari myembamba ya fedha, pengine pembe zimekatwa, hiyo ni silikoni ya kawaida kabisa, imekatwa nyembamba ikabanwa kati ya plastiki badala ya kioo, anaita polima kwa sababu plastiki ya juu ni polima, sawa, na kava zako za simu pia ni polima. Ya kweli ya ogani huwa ni mistari mirefu iliyoungana, rangi zambarau, kijani au kijivu, mara nyingi ukiinua kwenye jua unaona mwanga unapita kidogo kama miwani ya jua.

Na hiyo silikoni ya plastiki nayo ina matatizo yake. Inapinda kidogo, haikunjwi kama mkeka, ukiikunja vipande vinapasuka ndani huvioni, umeme unashuka, na sehemu iliyopasuka inaweza kupata joto mpaka ikaunguza plastiki. Uso wake nao unafifia kama taa za mbele za gari la zamani. Ukitaka kabisa ipinde, basi ibandikwe kwenye ubao uliopinda kidogo na ikae hapo hapo moja kwa moja.

Mimi shemeji ningemshauri paneli ya kioo yenye fremu, wati mia, ifungwe juu ya kibanda cha boti kwa boliti za chuma cha pua, waya ziwe zile zilizopakwa bati sio shaba tupu maana shaba tupu huku inageuka kijani ndani ya msimu, viungio vipakwe grisi, na kila akirudi aimwagie maji kidogo yasiyo ya chumvi aondoe chumvi. Kioo kinaogopesha watu lakini ndo kizuizi bora, mvuke haupiti kwenye kioo.

Kama mmeshampa kijana kishika uchumba cha hela nipigie picha ya nyuma ya hiyo karatasi, pale penye maandishi ya wati na volti, tuone kwanza mnaanzia wapi kudai. Na fundi akija kubadilisha dramu ile kuukuu msiitupe, nifungie kwenye gazeti, ntapita kuichukua, nina vijana nafundisha muhula ujao na sijawahi kupata kitu kizuri kama hicho cha kuwapa washike mkononi.